Uzoefu wangu na FamilySearch, kutenganisha akina John wa Kentucky

Kama umeolewa Marekani au una watoto wenye damu ya kule na umeshawahi kutafuta mababu zao utanielewa. Mume wangu ukoo wao uliingia jimbo la Kentucky miaka ya 1780 wakitokea Virginia, walipita pale Cumberland Gap, ile njia ya kukatiza milima, kama wengi wa wakati ule, na kila kizazi lazima kuwe na John. Ndugu wawili kila mmoja kampa mwanae jina la babu, basi unakuta John wawili, rika moja, kaunti moja, na wote wameoa Mary!! Kuna webusaiti moja ya kulipia iliwaunganisha wakawa mtu mmoja, watoto wanazaliwa huku na huku mwaka huohuo, na kila anayekuja anakopi vilevile.

Ninachosifia mimi ni FamilySearch, webusaiti ya kutafuta mababu, hasa ile sachi ya maandishi yote (full-text search) waliyoitoa 2024. Ni ya kanisa la Wamormoni, makao yao Salt Lake City, na ni bure kabisa, unafungua akaunti tu. Kompyuta imesoma mwandiko wa mkono kwenye vitabu vya ardhi na mirathi, kwa hiyo ukiandika jina inakuletea hata pale mtu alipokuwa shahidi tu, au jirani aliyetajwa kwenye mpaka wa shamba la mwenzie. Hao majirani na mashahidi ndio dawa yenyewe, maana kila John ana watu wake.

Yaani kwa Kentucky huna ujanja mwingine, sensa ya 1790 na ya 1800 zilipotea, na zote kabla ya 1850 zinataja mkuu wa kaya tu, waliobaki ni idadi. Jina peke yake halikufikishi popote, fuata ardhi. Orodha za kodi za miaka ya 1790 zinakuandikia eka, kijito ambacho shamba liko, na lilipimwa kwa jina la nani, nikachora jedwali mwaka kwa mwaka, John wa kijito hiki huku, wa kijito kile kule, wakaanza kuachana taratibu. Kilichomaliza ubishi ni hati moja ya kuuza shamba. John kaweka alama ya X kwa sababu hajui kuandika, na mkewe kaulizwa pembeni bila mumewe kuwepo kama anaachia kwa hiari haki yake kwenye lile shamba, ile ambayo angepata mumewe akifa. Yule mwingine kila hati anasaini mwenyewe, mwandiko umenyooka. Hapo utabisha nini tena?

Na hizo Senior na Junior (mkubwa na mdogo) zinazoandikwa baada ya jina zisikuchanganye jamani. Karani alikuwa anatofautisha watu wazima wawili wa jina moja wanaokaa eneo moja, wanaweza kuwa mtu na baba yake mdogo, au hata hawahusiani kabisa, na mkubwa akifa au akihama, Junior anaweza kuanza kuandikwa Senior.

Hata kwa Rais Lincoln ni hivyohivyo. Baba yake aliitwa Thomas Lincoln, na mdogo wa babu yake Rais naye aliitwa Thomas Lincoln, naye alihamia Kentucky. Mama yake Rais aliitwa Nancy Hanks, na mama mdogo wa huyo mama naye Nancy Hanks.

Ukitumia hiyo sachi andika na Jno, makarani walikuwa wanafupisha John hivyo, ongeza jina la kijito au la jirani, halafu fungua picha yenyewe usome kwa macho yako, usiishie kwenye maneno ya kompyuta. Picha nyingine hazifunguki ukiwa nyumbani, mpaka uende kituo chao au maktaba wanayoshirikiana nayo.

Kitu kilichoniuma sana ni zile orodha za mali za marehemu, watu waliofanywa watumwa wameandikwa jina moja moja na bei pembeni, katikati ya ng'ombe na vyombo vya ndani. Nimewaandika wote kwenye faili langu, na kurasa zao. Mwenye ukoo wa Wamarekani weusi wa huko aanzie humohumo, aandike jina la bibi au babu yake pamoja na jina la ukoo wa aliyemmiliki, maana majina yao mengi yamelala kwenye wosia na hati za watu wengine.