Uzoefu wangu: kunyanyua Jimny JB23 kwa hela ya kuungaunga

Wakuu habari. Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aendelee na mambo yake: spesa za milimita 40 (vipande vinavyowekwa juu ya springi ili gari ipande) kwenye Jimny zinafaa na hela yake unaiona, ila kama gari yako bushi (mipira ya kwenye viungio vya chini) zimekufa au kingpini (pini zinazogeuzia tairi za mbele) zina mchezo usinunue spesa, anza na bushi. Na kama kinachokwama ni difu (lile boga la gia katikati ya ekseli) basi spesa hazikusaidii kitu, tafuta tairi. Mwenye muda sasa twende taratibu.

Gari yenyewe ni Suzuki Jimny JB23, ile ya cc 660 yenye turbo, ya manyuo, ile ya kuweka 4WD kwa leva sio kwa batani. Hizi zilitengenezwa Japani toka 1998 mpaka 2018 kwa hiyo mtaani zipo za kila hali, yangu ni ya zamani zamani na springi zake ni zile zile ilizokuja nazo. Mimi nipo Karatu nauza pembejeo, wateja wangu wengi ni wakulima wa vitunguu Mang'ola, na nyuma ya gari muda wote kuna dumu za dawa, pampu za mgongoni, mbegu, vitu vya namna hiyo.

Barabara kubwa hainisumbui, shughuli inaanza ukishaiacha unaingia mashambani. Maji ya mifereji yanamwagika njiani, Fuso zinaingia kubeba vitunguu, zikitoka zinaacha mitaro miwili na tuta katikati. Sasa Fuso ni pana, Jimny upana wake wote ni kama mita moja na nusu hivi maana kule kwao hivi vigari sheria hairuhusu vizidi mita 1.48, kwa hiyo huwezi kuweka tairi zote mbili kwenye mitaro ya Fuso. Moja inashuka mtaroni nyingine inapanda tuta, gari inalala upande, ukifika penye kina tumbo linakaa kwenye udongo halafu tairi zinazunguka bure. 4WD L (gia nzito ya tairi zote nne) umeweka lakini gari haina mahali pa kushika. Unashuka na jembe.

Hapo ndo nikaanza kutafuta namna ya kunyanyua. Seti kamili ya springi mpya, shokapu ndefu na mikono yake (vyuma vya kushikilia ekseli) ipo, ya Japani na ya Australia, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru unafika pesa ambayo mimi bora niongezee stoku dukani. Kuna njia nyingine ya kunyanyua bodi tu, unaweka vipande vya plastiki ngumu kati ya bodi na chesesi. Hiyo nikaikataa mapema kwa sababu chesesi inabaki pale pale, giaboksi ya 4WD inabaki pale pale, kinachopanda ni bodi na wewe uliyekaa ndani. Inafaa kwa anayetaka nafasi ya tairi kubwa kwenye fenda, kwangu tumbo ndo linagonga. Na kuna mafundi wanakata mpira wa tairi bovu la Fuso wanaupachika juu ya springi, wanakwambia kaka hii haifi. Kweli haifi, ila springi inakaa upande, mpira unabonyea kushoto zaidi ya kulia, baada ya muda gari inatembea imeinama kama mtu mwenye jino linalouma.

Kwa hiyo spesa. Nilizipata kwa muuzaji wa mtandaoni yupo Dar, nikalipa 240,000 pamoja na kutumiwa kwa basi mpaka Arusha. Ni za alumini, zimechongwa kwa mashine, nne, za mbele na za nyuma haziingiliani. Kitu nilichokipenda ni kwamba zina mdomo, yani ukingo unaoingia kwenye kikombe cha springi kule juu ili isitembee, na upande wa chini kuna kikalio cha springi. Nilizipima unene zote nne ziko sawa. Moja ilikuwa na makali kwenye ukingo nikapitisha tupa kidogo basi. Mpira wa awali wa springi unarudi kama kawaida, usikubali fundi autupe, ndo unaozuia chuma kisipige kelele na chuma.

Kabla sijampa fundi gari nilikagua mwenyewe vitu ambavyo Jimny inajulikana navyo. Unapiga jeki tairi ya mbele inanyanyuka, unaishika juu na chini unaitikisa, ikicheza basi bearing ya tairi au kingpini. Unaangalia bushi za mikono na za ile bomba inayokaa kwa mshazari kuzuia ekseli isiende pembeni, panadi rodi. Wenye Jimny mnajua ule mtetemo wa stelingi, uko spidi 60 au 70 unagonga shimo dogo ghafla mikono yote inatetemeka mpaka upunguze. Ugonjwa huo ukiwepo kidogo kabla ya kunyanyua, baada ya kunyanyua unakuwa mkubwa. Yangu panadi ya mbele bushi ilikuwa imeanza kuachana, nikabadilisha, kingpini zilikuwa nzima.

Kazi yenyewe kwa kweli ni nyepesi kuliko watu wanavyotisha. Jimny ekseli ni nzima mbele na nyuma na springi za koili zimekaa peke yake, haziko pamoja na shokapu, kwa hiyo huhitaji hata ile mashine ya kubana springi. Unanyanyua chesesi unaiweka kwenye stendi, unafungua shokapu chini, unafungua panadi, unashusha ekseli taratibu na jeki, springi inatoka kwa mkono. Unaweka spesa unarudisha. Sehemu ya kuwa nayo makini ni mipira inayofuata ekseli ikishuka: mpira wa breki, pumzi ya difu, waya wa ABS kama gari yako inayo, na ile mipira myembamba ya vakyumu inayoenda kwenye habu za mbele. Ile ya vakyumu ndo inasahaulika, ikivutika ikachomoka 4WD ya mbele haishiki na utahangaika kutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Kwa mipira ya breki mbele tulishusha vile vibati vinavyoishikilia kwa kuongeza kipande cha bati nene na bolti, elfu kumi tu.

Sasa hapa nina neno na gereji, siitaji jina, ipo Arusha. Fundi alikaza bolti zote za mikono na panadi gari ikiwa bado juu kwenye stendi, ekseli inaning'inia. Mimi nimesimama pale. Nikamwambia kaka, hizo bolti za bushi legeza, tushushe gari chini ikae kwenye tairi zake ndo ukaze. Akasema bosi, tumefunga gari nyingi hivyo hivyo. Shida ni kwamba bushi ya mpira imegandana na chuma cha ndani, ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia unaifunga ikiwa kwenye mkao huo, gari ikishuka mpira unakaa umejipinda muda wote hata gari ikiwa imepaki, na unachanika haraka. Tulibishana mpaka mkubwa wake akaja, akalala chini akalegeza na kukaza upya gari ikiwa chini. Haikuchukua muda wowote wa maana. Ufundi 120,000 nililipa yote lakini siwezi kumtuma mtu pale bila kumwambia asimame pembeni ya gari.

Nilipotoka nje stelingi ilikuwa imekaa upande huku gari inaenda mbele. Hilo usishtuke, ukinyanyua ekseli inasogea pembeni milimita chache na ile rodi ndefu inayotoka stelingi boksi inabadilika pembe, inarekebishwa hapo hapo kwenye rodi kwa kuzungusha, usikubali mtu akuchomolee usukani na kuurudisha. Kitu cha pili ni uzito wa stelingi, ilikuwa nyepesi mno, unakata kona ukiachia hairudi yenyewe. Hiyo ni kasta. Ukinyanyua, mikono ya mbele inashuka na ekseli inajizungusha kidogo, ile pembe inayoirudisha stelingi katikati inapungua. Dawa yake ni bushi za kasta, tundu lake haliko katikati, zinaingia mwisho wa mikono ya mbele upande wa ekseli. Nilikuwa nimeziagiza pamoja na spesa kwa 130,000, kuzitoa za zamani na kuzipachika kwa presi 40,000. Wengine wanakwambia milimita 40 haihitaji. Mimi naendesha lami ya mteremko wa Mto wa Mbu mara kwa mara, kona zile na magari ya watalii yanapanda, siwezi kuwa na stelingi inayowaza. Baada ya bushi hizo inarudi vizuri kabisa.

Haya, tairi. Hapa ndo watu wengi wanadanganyana. Spesa zimeinua chesesi, giaboksi ya 4WD, tangi, bampa. Difu haijapanda hata milimita, maana difu ipo kwenye ekseli na ekseli imekalia tairi. Tairi za awali ni 175/80R16, kipenyo chake kama milimita 686. Nilichukua 185/85R16, kipenyo kama 721. Tofauti 35, nusu yake ndo unayoipata chini ya difu, kama milimita 17. Inasikika ndogo ila kwenye tuta la udongo mbichi unaiona tofauti. Uzuri wa saizi hii inaingia kwenye rimu zile zile za inchi 16, hununui rimu, na kule Japani inatumika pia kwenye vilori vidogo kwa hiyo mtumba unapatikana. Nilipata nne kwa 90,000 kila moja. Angalia namba nne za mwisho ubavuni, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, tairi yenye meno mazuri ya miaka kumi iliyopita mwachie muuzaji wake. Spidi mita inadanganya kidogo, ikisoma 80 wewe uko kama 84, traffic hajali tairi zako ni saizi gani.

Na kitu kingine kuhusu tairi. Spesa haizuii tairi isipande hadi pale ilipokuwa inafika mwanzo. Ukipiga shimo kubwa ekseli inapanda mpaka kwenye ile mipira ya kugongea, mipira ni ile ile na mahali ni pale pale, kwa hiyo tairi kubwa inaweza kugusa fenda hata kama gari ikisimama inaonekana ina nafasi kubwa. Yangu ilikuwa inasugua plastiki ya ndani mbele ukikata kona yote huku upande mmoja umepanda, nikakata kipande cha plastiki na kisu, basi.

Ukipiga hesabu: spesa 240, kasta 130, presi 40, ufundi 120, vibati 10, tairi 360, na alaimenti na balansi 50. Laki tisa na nusu, nje ya ile bushi ya panadi ambayo ingebadilishwa tu.

Matokeo. Mbele imepanda sentimita nne kabla ya kuhesabu tairi, nyuma bado inakaa chini kidogo sababu ya mzigo na springi zimechoka, spesa haiponyi springi iliyochoka, inaiweka juu tu. Shambani tumbo haligongi pale lilipokuwa linagonga, na kushuka kwenye mfereji bampa ya mbele haichoti tena udongo. Nguvu imepungua kidogo kwenye lami, mlima wa kutoka Mto wa Mbu nashuka gia mapema kuliko zamani, ila ukiwa kwenye L huoni tofauti. Upepo wa pembeni unausikia, na kwenye kona gari inalala zaidi, ni gari nyembamba umeipandisha juu, usitegemee vingine. Taa zilikuwa zinapiga wenzangu machoni usiku, kuna skrubu nyuma ya taa, dakika tu. Mama yangu kila akipanda analalamika kwamba nimemnunulia lori.

Kinachonikera mpaka leo ni shokapu za nyuma. Ni zile zile za urefu wa kawaida, kwa hiyo ukiruka tuta ekseli ikashuka zinafika mwisho mapema na unasikia "tak". Dukani zinapatikana ndefu kidogo ila hela yake bado sijaitenga, na hapo hapo nitaongeza vipande kwenye ile mipira ya kugongea ili tairi isifike fenda.

Mwenye Escudo au RAV4 usinakili hii hesabu yangu. Hizo mbele kila tairi inajitegemea na kuna CV joint (kiungio cha shafti inayozungusha tairi), ukinyanyua sana pembe ya shafti inakuwa kali, buti zinachanika na joint inaanza kulia ukikata kona. Huko inchi moja ni nyingi tayari na utahitaji kumuuliza mtu wa gari hiyo.

Muuzaji wa spesa nitanunua tena kwake, alijibu simu hata baada ya kupokea hela. Gereji nitabadilisha.