Rauta ya bei nafuu kwa PS4: nimekaa na Archer C6 miezi nane

Mi nakaa Tabata, ndani tuko watu sita na intaneti ni moja, faiba ya Mbps 20, na karibu mwaka mzima kila nikiingia kucheza mpira mtandaoni kuanzia saa mbili usiku ilikuwa mateso tu, nabonyeza pasi mchezaji anaitoa baadae, kipa anaganda, nafungwa goli ambalo hata sijaliona linavyoingia. Nikipima spidi naona 19, naona 20, kila kitu freshi. Sasa shida iko wapi?

Nikajua ni rauta ya kampuni, nikaenda Kariakoo nikachukua moja ina antena sita zimesimama kama miiba ya nungunungu, muuzaji kaniambia hiyo ndo ya wacheza gemu. Nimefunga, hamna kilichobadilika. Kuja kuchunguza ndo nakuta kitu ambacho hakuna duka lililowahi kuniambia: PS4 zile nene zilizoanza kutoka 2013, ambazo wengi wetu ndo tunazo maana tunanunua yuzdi, waifai yake inashika masafa ya GHz 2.4 tu, ya GHz 5 haiioni kabisa, zinazoiona ni Slim na Pro za 2016. Kwa hiyo hela yote niliyotoa imeenda kunufaisha simu za wenzangu, PS yangu imebaki inabanana kwenye 2.4 pamoja na waifai za wapangaji wote wa jirani, na hiyo 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11.

Afu kuna siku dada anapandisha video zake za biashara, mi niko kwenye laptop nimeacha pingi inahesabu (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde), ilikuwa 35 ghafla ikaruka mpaka 400 na kitu, alivyomaliza ikarudi 35. Hapo ndo nikaelewa. Gemu halili data nyingi, linatuma vipande vidogo vidogo tu ila vinatakiwa vifike kwa wakati, sasa video ya dada ikijaza njia ya kupandisha vile vipande vinakaa nyuma ya foleni, kama bodaboda iliyonasa katikati ya malori Ubungo kabla ya flaiova. Kuongeza kifurushi hakukuwa dawa, nilichohitaji ni rauta inayojua kupanga foleni.

Ile ya antena nikaiuza, nikanunua TP-Link Archer C6, nikabagein mpaka laki na elfu kumi na nane. Nilichokuwa naangalia ni vitu viwili tu, matundu ya waya yawe ya gigabiti (nyingi za bei ya chini ni Mbps 100) na iwe na QoS, yaani mpangilio wa kuamua kifaa gani kipite kwanza. Kwenye QoS usiandike spidi unayolipia, andika pungufu, mi kwenye 20 nimeweka 17 kote kushusha na kupandisha, kwa sababu foleni inatakiwa ijae kwenye rauta yako ambayo inajua PS ipite kwanza, isijae kule kwenye boksi la kampuni ambalo halijui nani ni nani. PS nikaipa kipaumbele cha juu. Siku hizi dada anapandisha video zake na pingi haipiti 60. Kama mkono wako uko vizuri kwenye kompyuta, toleo la 2 na la 3 la C6 zinakubali OpenWrt (programu huria unayoweka kwenye rauta badala ya ile iliyokuja nayo), humo kuna SQM, kipanga foleni ambacho kinafanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi, angalia toleo kwenye stika ya chini kabla hujalipa.

Na waya jamani. Mita 15 za waya wa mtandao wa Cat 6 kutoka kwenye rauta sebuleni mpaka kwenye PS chumbani, fundi kanibania vichwa viwili, haikufika elfu thelathini, na nusu ya kuganda kote kuliisha siku hiyo hiyo.

Kitu kingine kilichonisumbua ni NAT, ile kazi ya rauta ya kuvipitisha vifaa vyote vya ndani kwa anwani moja ya intaneti. Ukiunganisha rauta yako nyuma ya boksi la kampuni unakuwa na rauta mbili zinapangiana, PS ikaniandikia NAT aina ya 3, sauti za washkaji sizisikii na kualikana hakuendi. Nikapiga simu kwa kampuni wakaliweka boksi kwenye brije, yaani linapitisha tu intaneti bila kufanya kazi ya rauta, UPnP (inayoiruhusu PS kujifungulia njia kwenye rauta) nikaiwasha, ikarudi aina ya 2. Kabla hujapiga angalia anwani ya WAN, ile ya upande wa intaneti, kwenye rauta yako, ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127 ujue kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja, hapo hata ununue rauta ya milioni hutoboi, waombe anwani ya peke yako.

Umbali nao rauta haiuondoi. Ukipangiwa seva ya Ulaya pingi itakuwa juu tu, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika hakuna mipangilio iliyosaidia mtu hapa mjini.

C6 ni Wi-Fi 5, haina Wi-Fi 6, kwa PS yangu haina neno. Mwenye PS5 anayetaka kucheza bila waya atafute ya Wi-Fi 6, ila nayo ukiichomeka waya kwenye hii hii C6 inaenda. Sasa hivi natafuta UPS ndogo, betri ya akiba, ya kuwashia rauta na boksi, maana umeme ukikatika sekunde tano tu mechi imeshahesabiwa nimetoroka.