Darubini ya vitu vya karibu: miezi minane na Papilio barazani kwangu

Mi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani hapa Morogoro, na baraza langu linatazama kauwanja kadogo kenye mnazi mmoja, mpapai, hibiskasi kwenye uzio na vyungu vinne vya mshubiri, milima ya Uluguru iko kule nyuma. Nakaa hapo toka saa mbili asubuhi mpaka mwanga unaisha, mguu kwenye pedeli, kwahiyo kinachopita hapa uani nisipokiona mimi hakuna mwingine wa kukiona. Na vinapita vingi jamani. Ndege kama chozi, shore, tetere na minana, halafu mijusi, nyigu, kereng'ende wakati wa mvua, siku moja kinyonga alivuka kamba ya kuanikia nguo akamaliza karibu saa nzima. Naandika hii kwasababu huu ni mwezi wa nane natumia darubini ya Pentax Papilio II, ile ya 6.5x21, na wateja wakija kuchukua nguo wakaikuta mezani swali lao ni lilelile, fundi hii inavuta mpaka wapi, unaona mpaka mlimani? Swali hilo ndo lilinipoteza na mimi mwanzoni.

Maana kabla ya hii nilinunua nyingine mjini, kwa mtu anayeuza saa na redio, imeandikwa 30x60 kwa maandishi ya dhahabu, lenzi zake nyekundu zinang'aa kama taa za breki, akaniambia hii dada unamwona mtu anayelima kule juu. Elfu hamsini na tano. Nikafika nyumbani nikamwelekezea chozi kwenye mshubiri naona wingu la kijani linacheza, ndege wawili badala ya mmoja, na baada ya dakika kumi kichwa kinagonga. Nikajua macho yangu yameshachoka na kazi ya sindano. Kumbe sio macho. Namba mbili zinazoandikwa kwenye darubini, ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, sasa nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima ile lenzi, nikakuta milimita 22. Wapi na wapi 60! Na hata ingekua kweli inakuza mara 30, hakuna mkono wa binadamu utakaoituliza, kuanzia mara 10 kwenda juu kila pigo la moyo unaliona kwenye picha. Ile rangi nyekundu nayo inarudisha mwanga mwekundu nje, ndo maana ndani kila kitu kinakua kijani kijani. Kwahiyo ukienda dukani beba rula, pima kioo cha mbele, kama hakilingani na maandishi rudisha mezani uondoke.

Hii Papilio nilitumiwa na mdogo wangu aliyeko Uingereza. Nilimwambia nataka kitu cha kuangalia ndege hapa uani, sio mbugani, akaenda kuulizia akanipigia akaniambia dada, wanasema usiangalie inakuza mara ngapi, angalia inaanza kuona vizuri kuanzia umbali gani. Hapo ndo nilipoelewa. Darubini nyingi nzuri tu za 8x42 zinaanza kuona kuanzia mita mbili au tatu, chini ya hapo ni ukungu, na mimi mshubiri wangu uko hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Yaani ningenunua darubini ya bei mbaya halafu kila ndege akija ninyanyuke nirudi nyuma mpaka sebuleni. Papilio inaanza sentimita 50. Nusu mita! Nanyoosha mkono nagusa ninachokiangalia. Piga hesabu, kitu kiko sentimita 50 na unakikuza mara sita na nusu, ni kama umesogeza jicho mpaka sentimita nane hivi kutoka kwake na yeye hajui kama upo.

Walioitengeneza wamefanya hivi. Ukiangalia kitu cha karibu sana kwa macho mawili, macho yanasogea kuelekea puani, jaribu kuangalia ncha ya kidole utaona. Darubini za kawaida haziwezi, bomba mbili zinabaki zimenyooka, ndo unapata yale maduara mawili yanayokataa kuungana. Kwenye hii ukizungusha gurudumu kuja karibu, lenzi za mbele zinasogeleana huko ndani nyuma ya kioo, unaziona kabisa ukiigeuza. Na jina lenyewe Papilio ni kipepeo kwa Kilatini, kwahiyo toka mwanzo walikua wanawaza wadudu. Uzito gramu 290, nyepesi kuliko mkasi wangu mkubwa wa kukatia, naishika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kitambaa. Mpira wa kwenye macho unazungushwa, ukiwa na miwani kama mimi unaushusha chini.

Sasa niwaambie nilichokiona, maana namba pekee hazitoshi.

Yule chozi dume anayekuja kwenye mshubiri, mweusi mweusi mwenye kifua chekundu, nimemjua miaka, kwangu alikua ni mweusi na nyekundu basi. Siku ya kwanza ya Papilio akatua kwenye ua, kama mita moja na nusu, nikazungusha taratibu, akaja mzima kwenye duara. Ndani ya ule wekundu wa kifua kuna vistari vidogo vidogo vya bluu, vinawaka na kuzima akipumua. Utosini alikua mweusi, akageuza kichwa kidogo tu ikawa kijani inayong'aa kama satini ukiikunjua juani, akarudisha kichwa weusi ukarudi. Manyoya hayo hayana rangi ya kijani ndani yake, ni jinsi yalivyoumbwa yanavyochezea mwanga. Mi nimeshika vitambaa toka nina miaka kumi na saba na sijawahi kupewa kitambaa kama hicho. Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Jike lake hana mapambo, kahawia mwenye madoa, na ndo mjenzi. Mwezi wa kumi na moja nikamwona anakuja kwenye kona ya dari ya baraza, anaelea kama yuko kwenye kamba, anavuta kitu kisichoonekana anaondoka. Kwa macho matupu unasema anakula wadudu. Kwa darubini nikaona ananyofoa utando wa buibui, anauzungushia kwenye mdomo kama mtu anavyokunja uzi kwenye bobini, anakwenda nao kwenye tawi la mpapai lililoinamia baraza na kuupaka. Juu ya utando anabandika majani makavu, vigome, pamba pamba za mbegu. Siku kama kumi hivi kikawa kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni, na juu ya mlango kakibaraza kadogo ka kuzuia mvua. Utando unavutika, kwahiyo watoto wakikua kifuko kinakua nao. Toka siku hiyo fagio halipandi kwenye dari ya baraza langu, wageni wataniona mchafu na mimi nitawaonesha kwanini.

Na hapa pana kitu kilinishtua. Kwenye ule ukuta wa kiota nikaona uzi mwekundu. Wa kwangu! Namba ileile niliyoshonea sare za kwaya. Mara ya kwanza nilifurahi sana nikamwita binti yangu aje aone, halafu nikaendelea kuangalia nikaona ncha ya ule uzi imeingia ndani mlangoni, ikanirudisha nyuma. Uzi wa poliesta haukatiki kama nyuzi za mmea, kinda akijizungusha unaweza kumnasa mguu na akikua unambana mpaka mguu unakufa. Sikuthubutu kugusa kiota. Niliangalia kila siku na Papilio kutoka kwenye kiti changu, makinda mawili, midomo ya njano njano imefunguka, mama anawaletea buibui wadogo na vijidudu laini, na jicho langu liko kwenye uzi sio kwenye makinda. Walitoka wote wawili wazima. Sa hivi vipande vyote vya uzi vinaingia kwenye kopo lenye mfuniko kabla sijanyanyuka kwenye kiti, na kama we ni fundi mwenzangu unashonea nje nakuomba sana ufanye hivyo, na nywele bandia za saluni ni hivyohivyo.

Nyigu sasa. Yule mwenye kiuno kama uzi, anayejenga kwa tope ukutani. Fundi rangi alikuja mwezi wa kwanza akaniuliza, mama, haya matope niyatoe? Nikamwambia acha kwanza fundi, njoo uone. Nikampa darubini. Yule nyigu alikua amekuja na kidonge cha tope kashika mdomoni, anakipaka kwenye ukingo huku anatetemesha mwili unasikia ngrrrr, tope linalainika linatandaa kama mtu anapiga plasta, na fundi akaniambia huyu anajua kazi. Kila chumba anakijaza buibui aliowachoma sindano, hawajafa ila hawawezi kutembea, anataga yai moja, anaziba. Mtoto akitoka anakuta chakula kibichi. Na haishi kwa kundi wala hana mji wa kulinda kama nyigu wengine, mimi nimekaa chini yake msimu mzima hajanigusa. Ukuta ukapakwa rangi kote ila pale pakaachwa.

Usiku, taa ya baraza ikiwaka, kazi inahamia kwa mijusi kafiri. Hawana kope, kwahiyo wanasafisha jicho kwa ulimi, ulimi unatoka mpana wa pinki unapita juu ya jicho kama waipa. Na jike akiwa na mayai, ukimpata dirishani yuko upande wa nje na taa nyuma yake, mayai mawili yanaonekana kupitia ngozi ya tumbo, meupe kabisa. Binti yangu yuko darasa la tatu na hiyo ndo ilimfanya aache kuwaogopa. Mvua ya kwanza ikipiga na kumbikumbi wakatoka usijaribu kulala mapema, kaa hapo.

Ambacho sio kazi ya hii darubini nacho niseme. Lenzi ya milimita 21 inakusanya mwanga kidogo, jua likishazama vitu vya mbali vinakua giza mapema, na sisi tuna bundi anakuja kwenye nguzo ya umeme magharibi, huyo nikimtaka naazima 8x42 ya shemeji. (Majirani hawampendi kabisa, wanamrushia mawe, na huyohuyo ndo anakula panya wetu, nimewaambia mpaka nimechoka ila nitaendelea kuwaambia.) Minana kule juu ya mnazi wanaonekana vizuri tu mchana, hata dume anavyochana kuti na kufunga fundo la kwanza unaliona, lakini kama unataka kupanda Uluguru kumtafuta yule chozi wa Loveridge ambaye duniani anapatikana milima hii tu, chukua ya 8x42. Haikutengenezwa kuzuia maji, kwahiyo manyunyu yakianza inaingia ndani. Na ukiiacha imefokasi mbali, kuileta karibu unazungusha gurudumu raundi nyingi, mimi naiacha kwenye mita moja na nusu muda wote, ndo umbali wa mshubiri.

Hali yetu ya unyevunyevu inaotesha fangasi kwenye lenzi, naihifadhi kwenye kopo la plastiki linaloziba, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nafuta kwa kitambaa laini kikavu baada ya kupuliza vumbi, usifute na khanga ina nyuzi ngumu utakwaruza. Jua usiliangalie nayo hata sekunde, na watoto uwaambie kabla hujawapa.

Bei, kule nje ni dola mia na kitu, ongezea usafiri na ushuru, kwahiyo kwa fundi kama mimi sio pesa ya kuokota, isingekua mdogo wangu ningekusanya mwaka mzima. Ya kuangalia yaliyo karibu naipa tano juu ya tano, ya mbali tatu. Kama huna hiyo hela na nyumbani una darubini yoyote, hata ile mbovu ya 30x60, igeuze, weka jicho moja kwenye kioo kikubwa, sogeza kioo kidogo mpaka sentimita mbili tatu kutoka kwenye ua au ganda la konokono, usogeze taratibu mpaka itulie. Ni lenzi ya kukuzia hiyo. Ile mbovu yangu sa hivi ni ya binti, jana kalala kifudifudi kwenye ngazi anahesabu vinyweleo kwenye mguu wa jongoo aliyekufa na chai yake imepoa.