Gloplagi za Hilux 5L: za Kijapani au seti ya bei poa?

Pikapu nyingi zinazoshusha ndizi kutoka Machame na Marangu bado zinatumia injini za dizeli za Toyota ziitwazo 3L na 5L (ni majina, si lita), na baridi ya Julai ikiingia kilio ni kilekile. Stata inazunguka vizuri, injini inashika kwa kutetemeka, inatoa moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, kisha baada ya nusu dakika inatulia. Injini hizi huanza kuchoma dizeli ndani ya chemba ndogo ya pembeni. Kuta za chemba zikiwa baridi zinanyonya joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo bila gloplagi, yaani plagi ya umeme inayopasha chemba hiyo, utapiga stata mpaka betri ilale. Mwenye injini ya 2KD, inayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, anaweza kutembea na mbili zilizokufa asijue.

Kwenye maduka ya spea ya Arusha na Moshi utakutana na aina mbili: Denso au NGK zinazouzwa moja moja kwenye boksi, na seti ya nne isiyo na jina la kiwanda. Chukua za Kijapani. Si kwamba zinapasha zaidi, maana seti ya bei poa nayo ikiwa mpya inawaka nyekundu vizuri tu. Ubaya uko kwenye ncha. Ikizidiwa na joto inavimba, na iliyovimba sana haipiti tena kwenye tundu ililoingilia. Ukiilazimisha inakatika, kipande kinabaki ndani ya chemba, na kazi ya saa moja imegeuka kuwa ya kufungua silinda hedi na kununua gasketi. Hapo ule unafuu wa dukani umeshaliwa zamani.

Kabla ya kulipa, soma volti iliyogongwa kwenye mwili wa plagi. Betri ya volti 12 haimaanishi plagi ni za volti 12. Baadhi ya Toyota za zamani zina mfumo wa plagi za volti 6 na rizista ya kupunguza umeme. Ya volti 6 ukiipa volti 12 mfululizo inaungua kwa sekunde chache. Usiamini kilichomo kwenye injini pia, kwani fundi aliyetangulia huenda alichanganya. Fuata namba ya injini na mwaka wa gari.

Kufunga nyumbani kunawezekana. Usiku wa kuamkia kazi, mwagia dawa ya kulegeza kutu kwenye shina la kila plagi. Asubuhi washa injini ipate uvuguvugu, izime, toa waya hasi wa betri, kisha pulizia hewa kuzunguka plagi, maana mchanga ukidondoka tunduni unaenda silindani. Fungua nati ndogo za juu kwa namba 8, toa kile kipande cha bati kinachounganisha plagi zote nne. Sasa pima ukinzani kwa multimita (kipima umeme), kila plagi na bodi ya injini: nzima husoma karibu omu 1 au pungufu, iliyokufa haisomi kitu. Ukipima bati likiwa bado limefungwa, utakuwa unapima zote kwa pamoja na iliyokufa itajificha.

Kufungulia plagi yenyewe, soketi ndefu namba 12 ndiyo inayotakiwa. Zungusha robo, rudisha, ongeza dawa. Plagi ikilia kwa mlio mkavu, simama. Ya nyuma, karibu na ukuta wa kabini, ndiyo inayochosha mkono. Mpya ianze kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kwa Nm 13 tu. Hiyo ni nguvu ya kiganja, si ya bomba la kurefushia spana. Grisi ya shaba kidogo kwenye thredi inatosha, isiguse ncha.

Ukizitoa, tazama ncha za zamani. Moja ikiwa imeliwa huku nyingine ni nzima, shuku nozeli ya dizeli ya silinda hiyo inadondosha badala ya kupuliza. Zote nne zikiwa zimevimba, shuku rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye plagi) iliyoganda: pima umeme kwenye bati injini ikiwa imeshapata moto, haupaswi kuwepo. Taa ya dashibodi haisaidii hapa, inazimika kwa kuhesabu muda tu, hata plagi zote zikiwa zimekufa.

Mwombe muuza duka ajaribu plagi kwa umeme wa volti iliyogongwa kwenye plagi palepale kaunta, ameibana kwa koleo. Ncha ndiyo inapaswa kuwa nyekundu kabla ya sehemu nyingine, ndani ya sekunde kumi hivi. Nyekundu ikianzia katikati, mrudishie. Duka linalokataa kujaribu, nenda la jirani.