Nicos Weg ya DW: kozi nzuri ya bure, ila daftari la artikeli beba mwenyewe

Kwa anayeanza Kijerumani akiwa na simu na bando tu, Nicos Weg ya Deutsche Welle ndiyo kozi ya kuanza nayo. Ni bure, inapatikana kwenye tovuti na kwenye programu ya simu, na ina ngazi tatu: A1, A2 na B1. Kisa ni kimoja mwanzo hadi mwisho: Nico, kijana kutoka Hispania, anafika Ujerumani na begi lake linapotea. Kila somo lina kipande kifupi cha video, mazoezi, msamiati wenye sauti na maelezo ya sarufi. Hapa tunaipima A1 peke yake, maana ndiko wengi wanakokwamia.

Kwa masikio, kozi hii haina deni. Wahusika wanaongea Kijerumani cha kawaida, kwa mwendo unaofuatika, na Nico mwenyewe hajui lugha, kwa hiyo anauliza tena na kukosea mbele yako. Mada ni zile utakazozihitaji kweli: kujitambulisha, kutaja herufi za jina, saa, njia, manunuzi.

Tatizo liko kwenye mazoezi. Mengi ni ya kuchagua jibu au kujaza nafasi. Ukipewa artikeli, yaani vineno der, die na das vinavyokaa mbele ya nomino kuonyesha jinsia yake, uchague kimoja, unaweza kupata kwa kubahatisha, alama ya kijani ikawaka, ukaamini umeelewa. Wiki ijayo ukiambiwa uandike sentensi kwenye karatasi tupu, hakuna kinachotoka.

Artikeli ndipo shida yenyewe ilipo. Sisi tumezoea ngeli, na ngeli inajitangaza: kiti, viti, kile, vile. Sikio linashika ki- na vi- bila kufikiri. Tisch, yaani meza, haikupi dalili yoyote. Ukilikariri bila der yake umekariri nusu ya neno, na wingi nao hautabiriki: der Tisch ni die Tische, das Kind ni die Kinder, das Auto ni die Autos, na der Lehrer inabaki die Lehrer. Orodha ya msamiati ya kila somo inakupa taarifa hizi, lakini kozi haikusimamii uzikumbuke. Tafuta daftari na kalamu za rangi tatu, andika kila nomino na artikeli yake na wingi wake kwa rangi ya artikeli hiyo, der yake, die yake, das yake, kisha isome kwa sauti kama neno moja.

Miisho fulani itakupunguzia kazi. Nomino zinazoishia na -ung, -heit, -keit na -schaft ni za die. Za -chen ni das, ndiyo maana msichana, Mädchen, ni das. Za -e nyingi ni die, ila usiapie: der Name na das Ende zipo.

Wanaosema artikeli ni pambo, wewe utaeleweka tu, wasubiri wafike kwenye akusativu, yaani umbo la nomino inayotendewa. Nico anatafuta begi: Ich suche die Tasche. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu die haibadiliki pale. Akitafuta ufunguo, der Schlüssel, ni lazima aseme Ich suche den Schlüssel. Ni der peke yake inayogeuka kuwa den, na ein yake kuwa einen. Asiyejua kwamba Schlüssel ni der hana namna ya kujua kwamba kuna kitu cha kugeuza.

Dativu, umbo jingine ambalo hapa linaonyesha mahali mtu alipo, ni mbaya zaidi kwetu, na maelezo ya kozi hayawezi kujua kwa nini, kwani hayakuandikwa kwa ajili ya Waswahili. Sisi tunasema naenda jikoni, niko jikoni. Jikoni ni ileile, kitenzi ndicho kinachoeleza kama mtu anakwenda au ametulia. Mjerumani anataka tofauti hiyo ionekane kwenye artikeli pia: Ich gehe in die Küche, lakini Ich bin in der Küche. Wanafunzi wengi wanaona der na kudhani Küche imebadilika jinsia. Haijabadilika. Ni die iliyovaa dativu. Vihusishi vinavyocheza hivi ni 9: in, an, auf, über, unter, vor, hinter, neben na zwischen. Kwa kila kimoja tunga sentensi mbili, ya kwenda na ya kukaa, uziandike ukurasa mmoja.

Kwenye msamiati, mtego mkubwa ni maneno yetu mapana. Najua kuogelea ni Ich kann schwimmen. Namjua Asha ni Ich kenne Asha. Najua anakoishi ni Ich weiß, wo sie wohnt. Kujua kwetu kumoja kunagawanywa mafungu matatu. Tena angalia hilo sie: kwetu yeye ni yeye, mwanamume au mwanamke, kwa hiyo er na sie zitakuponyoka mdomoni hata ukiwa umefika B1. Na umri usiuseme kwa haben, yaani kuwa na, kwa sababu tu sisi tuna miaka. Ni Ich bin 20 Jahre alt.

Saa ina makosa mawili yaliyokaa pamoja. Halb acht ni nusu saa kabla ya 8:00, yaani 7:30. Anayesikia acht akakimbilia saa nane ya Kiswahili amepotea mara mbili. Andika kwanza 7:30 kwa tarakimu, ndipo useme ni saa moja na nusu. Tarakimu nazo zinageuka: 21 ni einundzwanzig, moja inatangulia ishirini. Mtu akikutajia namba ya simu kwa makundi ya mbilimbili, usianze kuandika mpaka umesikia kundi lote.

Mpangilio wa sentensi kozi inaueleza vizuri, sitakaa sana hapo. Kitenzi kinashika nafasi ya pili: Morgen gehe ich, si Morgen ich gehe. Vitenzi vinavyokatika, kama anrufen (kupiga simu), vinatupa kichwa chao mwisho: Ich rufe dich morgen an. Ukiacha kusikiliza kabla ya an, hujasikia kitenzi.

Namna ya kuitumia: tazama video bila manukuu, halafu na manukuu ya Kijerumani. Chagua sentensi tano, zisikilize moja moja na kuziandika kwa mkono, kisha linganisha na maandishi ya somo. Kosa likiwa kwenye artikeli, nenda kwenye daftari. Mazoezi ya kubonyeza yawe ya mwisho. Somo moja kwa siku linatosha. Anayemeza matano jioni moja anatazama tamthilia tu. Bando likisumbua, filamu nzima ya A1 iko YouTube, na ukishusha ubora hadi 360p bado midomo inaonekana.

Kama una tarehe ya mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, usitegemee kozi hii peke yake. Unahitaji alama 60 kati ya 100, na sehemu ya kuandika inataka ujaze fomu na kutunga ujumbe mfupi wa maneno kama 30. Programu haitakusahihishia ujumbe huo. Tafuta mwalimu au mtu aliyefika B1 akusomee hata ujumbe mmoja kwa wiki. Kwenye kuongea utaombwa utaje herufi za neno, mara nyingi jina lako, na utaje namba. Watu wanaojua sarufi yote wanakwama hapo, kwa sababu J inaitwa yot, V ni fau na W ni ve. Mwajuma aizoee mapema: em, ve, a, yot, u, em, a.