Kupoza ndoo ya waini kwenye chumba kimoja Dar: nunua kwanza sensa, friji baadaye

Februari nilimwaga lita 10 za waini ya nanasi kwenye karo la uani. Nanasi zilikuwa za Kiwangwa, nimezimenya na kuzikamua mwenyewe hadi saa saba usiku. Hamira ilikuwa ya waini, si ile ya maandazi. Siku ya nne dumu likaanza kunuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, na wiki ya tatu nilipoonja, koo liliungua kama nimekunywa gongo.

Muda wote huo dumu lilikuwa ndani ya friji ya gari, vile vifriji vidogo vyepesi visivyo na kompresa, niliyoinunua kwa laki mbili na nusu kwa kazi hiyo hiyo. Kioo chake kilikuwa kinasoma nyuzi 18. Siku ile ya nne, harufu ilipoanza, nilitumbukiza kipimajoto cha jikoni ndani ya juisi, kikapanda mpaka 29.

Nimekaa na hasira hiyo miezi kadhaa, nimenunua vingine, nimejaribu, na sasa naandika ili mwenzangu mwenye chumba kimoja Tabata au Mabibo asipoteze hela kama nilivyopoteza mimi. Lita, rangi na idadi ya milango ya friji sitazungumzia, hayo mtu anayaona kwa macho. Nitazungumzia sensa, yaani kile kijiti cha kupimia joto chenye waya, kwa sababu hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kunionyesha iko wapi.

Juisi inayochacha inatengeneza joto lake yenyewe. Siku tatu nne za mwanzo, hamira inapokula sukari kwa kasi, juisi hupanda nyuzi kadhaa juu ya hewa inayoizunguka. Sensa ikiwa imebandikwa karibu na feni ya friji, inapima upepo baridi unaotoka pale. Inaridhika. Inazima mashine. Ndani ya dumu moto unaendelea. Ndivyo kioo kinavyoweza kusoma 18 juu ya kitu chenye nyuzi 29, bila chombo kuharibika popote.

Na Dar hatuna nafasi ya kukosea. Usiku wa Februari hewa ya nje inazunguka kwenye nyuzi 25 au 26, na chumba chenye bati juu na dirisha moja kinakuwa juu ya hapo. Juni hadi Agosti tunapata nafuu kidogo, alfajiri inagusa 19 au 20, ila mchana inarudi 29. Pakiti ya EC-1118, hamira ya waini, inaruhusu kuanzia nyuzi 10 hadi 30, na watu wakiona hiyo 30 wanapumua. Hiyo 30 inakuambia hamira itafanya kazi, haikuambii waini itakuwa na ladha gani. Ukitaka harufu ya nanasi ibaki nanasi, iweke 18 hadi 20. Joto likizidi, hamira inatoa zile pombe nzito zinazounguza koo, na harufu ya tunda inaondoka na gesi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, kabla hujatafuta friji, ni thermostati ya pembeni, yaani kifaa kinachokaa nje ya friji na kuiwasha au kuizima kwa kufuata joto, yenye sensa ya waya mrefu. Mimi ni mtu wa thermostati za Inkbird na sifichi. Ile yao ya ITC-308 ina soketi mbili, moja ya kupoza na nyingine ya kupasha, unachomeka friji kwenye ya kupoza na kazi imeisha, huhitaji fundi. Waya wa sensa una urefu wa kama mita 2, unapita kwenye mpira wa mlango wa friji bila shida. Inabeba hadi ampea 10, friji ndogo haifiki hata karibu na hapo. Umeme ukikatika na kurudi, inakumbuka nyuzi ulizoweka, na inasubiri dakika 3 kabla ya kuwasha kompresa. Muda huo unaweza kuuongeza mpaka dakika 10. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika na kurudi mara tatu ndani ya robo saa, huo ndio uhai wa friji yako. Hakikisha tu unachukua ya volti 220 yenye plagi ya pini tatu bapa kama zetu, maana ya Marekani ni ya volti 110 na inaweza kuungua.

Sensa inafungwa ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha juisi, si juu palipo na povu. Ibane kwa selotepu pana, kisha funika kwa kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa vidole viwili, halafu selotepu tena. Hiyo sponji usiidharau. Bila sponji, sensa inapima nusu ndoo nusu hewa, na umerudi kwenye friji yangu ya gari. Kabla ya kufunga, tumbukiza sensa kwenye glasi ya barafu iliyopondwa yenye maji, uikoroge, usubiri. Lazima isome 0. Yangu ilisoma 1 na nukta kidogo, nikairekebisha kwenye menyu yake.

Mimi naweka 20, tofauti ya nyuzi 1. Friji inawaka juisi ikifika 21 na inazima ikirudi 20.

Friji yenyewe sasa. Namba moja kwangu, bila mjadala, ni friji ya mtumba ya mlango mmoja, ile ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Kitufe unakizungusha mpaka mwisho wa baridi na kukiacha hapo, Inkbird ndiyo inatoa amri. Usichukue yenye vitufe vya kugusa na taa za namba. Baadhi yake umeme ukikatwa na kurudishwa zinabaki zimezima mpaka mtu abonyeze, na thermostati ya pembeni kazi yake ni kukata na kurudisha umeme siku nzima. Angalia chini kwa nyuma: friji nyingi ndogo zina kigongo ambamo kompresa imekaa, na kigongo hicho kinakula nusu ya sakafu. Ndoo ya lita 20 ikikaa juu ya kigongo, kifuniko kinagonga sanduku la barafu. Yangu niliipata kwa laki moja na tisini, na kwa kuwa inatunza 20 badala ya 4 kama friji ya chakula, inapumzika zaidi ya inavyofanya kazi. Nilikuwa naogopa LUKU, maana tunachangia mita na wapangaji wenzangu, lakini hakuna aliyelalamika. Futa ndani kwa siki kila wiki, unyevu wa Dar unaleta ukungu mweusi kwenye mpira wa mlango.

Namba mbili ni boksi la barafu, kama yale wanayobebea samaki pale Feri. Linafanya kazi. Unaweka ndoo ndani, maji mpaka nusu ya ndoo, na chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa, unabadilisha asubuhi na jioni. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote inanyonya joto la kutosha kushusha lita 20 kwa kama nyuzi 4, kwa hiyo hesabu inakubali. Kinachokushinda ni foleni ya barabara ya Mandela: ukirudi saa tatu usiku, barafu imeisha saa nane mchana.

Namba tatu, kwa wanaopika bia na si waini: hamira ya kveik aina ya Voss, ya Norway, inayofanya kazi vizuri hata nyuzi 35 mpaka 40. Hapo hununui friji kabisa.

Beseni la maji na kitenge kilicholowa mbele ya feni naiweka namba nne. Dodoma ingefaa. Huku pwani hewa imeshajaa maji, kitenge hakikauki, na kisichokauka hakipozi. Friji ya gari ni ya mwisho, nimeshasema.

Na kama hela ya Inkbird haipo, wanaouza vifaa vya mashine za kutotolesha vifaranga wana thermostati za bei chini. Ile ya STC-1000 inafaa, ila inahitaji fundi umeme na kiboksi chake. Ukipewa aina nyingine, uliza kama inapoza, maana baadhi zinapasha tu.

Lakini wauzaji wetu jamani. Unaona picha ya friji, unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox". Kwa nini bei iwe siri? Ukienda inbox anakuuliza unakaa wapi, na ukitaja Masaki kwa matajiri, bei ya friji ile ile inapanda. Thermostati niliyokuja kuagiza kupitia wakala, wa kwanza kumuuliza alinitajia bei mara mbili ya niliyolipa, kitu kile kile, kiboksi kile kile. Na ukifika dukani Kariakoo kuangalia friji, muuzaji anafungua sanduku la juu, anakushika mkono, anakugusisha: "Ona dada, inashika barafu." Sihitaji barafu! Nahitaji kujua ikizimwa na kuwashwa mara kumi kompresa inaitika au inanguruma na kufa. Nikaomba aizime, tusubiri dakika tano, aiwashe tena. Duka la kwanza walikataa. La pili walisema dhamana ni miezi mitatu ya mashine tu, gesi juu yangu. La tatu kijana alikubali, akaizima na kuiwasha mara nne huku mimi nimekaa kwenye stuli na ndoo yangu tupu mapajani. Ndipo nilipolipa. Ukienda, nenda na ndoo yako, iwe na kifuniko na kile kimpira cha kutolea gesi juu yake, uiingize ndani, na mlango ufungwe mbele ya macho yako kabla hujafungua pochi.