Mfuko Usioingiza Maji wa Lita 20: Nimeupeleka Sanje, Leo Nauzamisha Kwenye Beseni

Wadau, habari zenu. Leo sipo porini, nipo uani kwetu Tabata, na hili beseni nimeliazima kwa mama mwenye nyumba.

Wengi mnaniuliza nabeba nini nikienda kupanda milima na kulala kwenye hema. Zamani ningeanza na viatu. Sasa naanza na huu mfuko. Nimeununua Kariakoo kwa machinga, hauna hata jina la kampuni.

Sababu ni safari yangu ya kwanza Sanje, kule Udzungwa. Yale maporomoko yana mita 170 hivi, na chini kuna bwawa la kuogelea. Begi langu la kawaida nililiacha juu ya jiwe, nikajiona mjanja. Kumbe manyunyu yanafika kote! Natoka majini natetemeka, nafungua begi: sweta chapachapa, taulo chapachapa, mkate umekuwa uji. Mtoto wa Dar, baridi niliyoizoea ni ya feni. Kijana aliyekuwa anatuongoza akanivulia koti lake. Aibu, jamani.

Zamani tungefunga nguo kwenye rambo, lakini rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ndiyo nikaja kwenye huu.

Tazama. Naweka tishu kavu ndani, nakamua hewa, nakunja mdomo mara tatu, nafunga kifungo. Mara tatu, sikiliza! Ukikunja mara moja, usije kunilaumu. Nimeuzamisha, nimeubana kwa tofali... nusu saa imepita. Tishu ya juu kavu kabisa. Ila kona ya chini hapa, kwenye mshono, gusa... kuna unyevu. Kwa hiyo nguo, sawa. Simu siiweki chini, naiviringisha katikati ya nguo.

Ndani yake naweka nini? Kitenge badala ya taulo: kinakauka upesi, unabadilishia nguo humo, usiku unajifunika. Sweta zito la mtumba kutoka Karume. Soksi za kulalia ambazo hazigusi njia kabisa. Jinzi iache nyumbani, ikilowa utaibeba kama gunia la mkaa. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, maana kwenda chooni usiku na simu mdomoni nimejaribu, haipendezi.

Viatu: raba zenye meno kwa kupandia, na majini yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Kandambili mto utaondoka nazo.

Hema mimi sinunui. Muulize mwongozaji wako mapema ana nini, wengi wanakodisha pamoja na magodoro. Na muulize kuhusu maji pia. Bwawa lililotulia, lenye majani na konokono, hata wenyeji wakiniambia poa, siingii. Kichocho hakina ugeni na mtu.

Mfuko huu naupa saba kwa kumi. Mbili nimekata kwa ule mshono, moja kwa mkanda wa begani unaokata bega. Ukipanda nao peke yake utajuta, uweke ndani ya begi la mgongoni. Kwa Uluguru, ambako sasa unashuka treni ya SGR Morogoro na kupanda siku hiyohiyo, unatosha kabisa.

Haya, ngoja nimwage maji, nasikia mtu ndani anauliza beseni lake liko wapi.